Usiku wa kwanza wa msiba ndo bei inapopangwa

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii hapa Mwanza, wiki nzima nakaa na vikundi, leo Igoma kesho Kirumba keshokutwa Buhongwa, na nikifungua daftari la mikopo la kikundi swali langu la kwanza huwa ni huyu alikopa ya nini. Majibu ni yale yale, biashara, ada, msiba. Wa biashara anarudisha, wa ada anarudisha kwa kusuasua, wa msiba ndo yule unakuta miezi nane hajalipa na vikao ameacha kuja kwa sababu ya aibu. Kafiwa na mume, na sasa kapoteza na kikundi. Hili linaniumiza kweli, ndo maana naliandika.

Watu wakilalamika msiba ni ghali wanafikiria sanduku. Sanduku unalinunua mara moja bwana. Kinachotumaliza ni siku. Huwa nachora hesabu ubaoni, ni mfano tu, nyie wekeni bei za sokoni kwenu: watu 80 wanakula mchana na usiku, mchele kilo 20 kwa 2,500 ni 50,000, maharage kilo 8 kwa 3,000 ni 24,000, sukari kilo 5 kwa 3,000 ni 15,000, mkaa, mafuta, maji na vitafunwa vya chai tuseme 40,000, turubai na viti 50,000. Jumla 179,000 kwa siku moja, na hapo nyama hakuna, hela ya mochwari haimo. Msiba wa siku tano ni 895,000, wa siku mbili ni 358,000. Tofauti ni 537,000, na marehemu ni yule yule, kaburi ni lile lile.

Sasa siku zinaongezwa na nini? Na mtu anayesubiriwa. Nyumbani kwetu tulipofiwa na baba mdogo tulimsubiri ndugu mmoja siku nne nzima, akafika asubuhi ya mazishi, jioni akapanda basi akarudi, na mjane akabaki na deni la duka la mchele mpaka mtoto wa kwanza akachelewa kuripoti shule. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila hakuna aliyeuliza hizi siku nne anazilipa nani. Siku hizi hata kisingizio cha njia kimepungua, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 msafara wa Sengerema na Geita haukai tena foleni ya kivuko na maiti juani. Wa Ukerewe bado kuna kuangalia ratiba ya kivuko cha Nansio, sawa, lakini ratiba inajulikana, mtu apigiwe simu aambiwe tunazika kesho saa nane, ukiwahi karibu, ukichelewa utakuja arobaini.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, tarehe ya kuzika itangazwe pamoja na taarifa ya kifo, usiku ule ule wa kwanza. Kamati iwe ya watu watatu wanne tu, mmoja anashika hela, mwingine anaandika kila kinachoingia na kutoka, na lazima awepo mmoja anayeweza kusema hapana mbele ya wajomba. Mfiwa mwenyewe asiulizwe bei yoyote usiku ule, mtu analia utamuuliza anataka sanduku la mninga au la paina? Atajibu la mninga, nani atajibu vingine. Aende mtu mtulivu, aende kwa fundi seremala wa mtaani, asikimbilie la kwanza analoliona kwenye maduka yaliyo karibu na geti la hospitali.

Na chakula. Zamani huku jirani alikuwa anakuja na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na viazi vibichi, na debe la mahindi, mfiwa hapiki. Waislamu nao wanajua, Jaafar, binamu yake Mtume, alipouawa vitani Mtume aliagiza watengenezewe chakula watu wa Jaafar, maana wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Yaani chakula kinaelekea nyumba ya msiba, sisi tumegeuza kinatokea nyumba ya msiba! Makande na uji vinatosha. Waislamu wana jingine la kuiga, jeneza ni la msikiti, linabeba maiti mpaka makaburini linarudi, anayebaki chini ana sanda tu.

Tisheti zenye picha, vitenge vya sare, mpiga video, hivyo sina hata maneno mengi, kama hela ya kaburi haijatimia viachwe.

Kusafirisha mwili ndo pagumu kusema maana kila mtu anataka kulala kwao. Ila makaburi ya mjini nayo ni ardhi, na nimeona familia zinazika hapa hapa, arobaini wanaenda kuifanya kijijini na wazee wanaridhika.

Kikundi cha kuzikana ndo bima ya kwanza. Watu 60 wakitoa 2,000 kwa mwezi mwaka unaisha na 1,440,000, nunueni turubai, viti na masufuria yenu, mmeshaondoa hela ya kukodi. Katiba iandike wazi nani anazikwa na kikundi, mke, mume, watoto, wazazi, wakwe je? Msipoandika wakwe mtagombana, nimeamua ugomvi huo mara nyingi mno. Hela itoke siku ile ile, isisubiri kikao. Na kama mnakopeshana pia, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka msajiliwe, njooni halmashauri.

Mwanachama wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ulizeni, kuna msaada wa mazishi na wengi hawaufuatilii. Anayeuziwa bima ya mazishi aangalie kama kampuni ina leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na aulize inaanza kulipa baada ya muda gani, na wazazi wa umri gani wanakubaliwa. Deni la matibabu likiwashinda msikope kwa wa riba, nendeni dirisha la ustawi wa jamii hapo hapo hospitali muombe msamaha au kulipa kidogo kidogo.

Rambirambi isomwe hadharani siku ya kuanua matanga, kilichobaki akabidhiwe mjane au mgane mkononi watu wakiona.

Mimi yangu nimeandika kwenye daftari, mke wangu anajua lilipo. Sanduku la paina, nizikwe siku ya pili, nizikwe hapa Mwanza, na kaka zangu nimeshawasomea wote wakiwa wamekaa.