Disney World na watoto: yanayosemwa na yalivyo

Karibu kila familia ya kwetu iliyoko Marekani ina mtu mmoja aliyewahi kwenda Disney, na huyo mmoja anatosha kuwachanganya wengine wote. Ukisema tu kwamba wageni wanakuja kutoka Dar na watoto wanataka kwenda Florida, ushauri unaanza kumiminika. Huyu anasema andikeni ratiba ya kila dakika, la sivyo mtalia kwenye foleni. Yule anasema likizo si ofisi, nendeni tu mtajionea hukohuko. Msimamo wangu niuseme mapema: yapo mambo machache ambayo usipoyaamua kabla ya kutoka nyumbani huwezi kuyarekebisha ukiwa ndani, na yaliyobaki yote ni afadhali uyaache wazi. Mabishano mengi yanatokana na watu kuyachanganya haya mawili.

"Disney ni Disney"

Disneyland iko Anaheim, California, na ilifunguliwa Julai 1955. Walt Disney World iko Florida, karibu na Orlando, na ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Kati yao kuna safari ya ndege ya takriban saa tano, kwa hiyo kabla hujamkatia mtu tiketi muulize anamaanisha ipi. Hapa nazungumzia ya Florida. Nayo si bustani moja ya michezo. Ni nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, zimetawanyika kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 100, na kutoka moja hadi nyingine unapanda basi au gari. Anayesema "Jumamosi tutaizunguka Disney yote" hajaiona. Ukiwa na watoto wadogo, bustani moja inatosha kwa siku nzima, na hata hiyo hamtaimaliza.

"Muulize aliyekwenda, yeye anajua"

Alikwenda lini? Hilo ndilo swali la kwanza. Shangazi aliyekwenda 2016 atakwambia kuna FastPass, unaruka foleni bure. Ilikuwepo kweli tangu 1999, lakini ilisimama 2020 na haikurudi. Ikaja Genie+ mwishoni mwa 2021, nayo ikaondoka. Tangu Julai 2024 kuna Lightning Lane Multi Pass, njia ya kuruka foleni ambayo ni ya kulipia na bei yake hubadilika kulingana na siku na bustani. Waliolala kwenye hoteli za Disney huchagua michezo yao ya kupanda siku 7 kabla, wengine siku 3 kabla. Naye kaka aliyekwenda 2022 atakutisha kwamba bila kuweka nafasi ya kila siku hamtapita getini. Sharti hilo liliondolewa Januari 2024 kwa tiketi za kawaida zenye tarehe. Wote wawili wanakwambia kweli ya mwaka wao. Washukuru, halafu ufungue programu rasmi ya simu usome ya leo.

"Bila ratiba ya dakika kwa dakika, siku imekwenda na maji"

Hapa ndipo wapangaji wanapozidisha, ingawa hawakosei kuogopa foleni. Mwaka 2023 Magic Kingdom peke yake ilikadiriwa kupokea zaidi ya watu milioni 17.

Lakini tuielewe foleni yenyewe. Muda utakaosubiri hautegemei urefu wa mstari tu, unategemea pia mchezo unabeba watu wangapi kwa saa. Ni kanuni ambayo mtafiti Mmarekani John Little aliithibitisha kihisabati mwaka 1961. Foleni ya watu 300 mbele ya mchezo unaobeba watu 1,200 kwa saa ni robo saa. Watu haohao 300 mbele ya mchezo unaobeba 400 kwa saa ni dakika 45. Ndiyo maana mstari wa "it's a small world", wenye mashua zake zinazobeba watu wengi, unaweza kukutisha kwa urefu na bado ukasogea, huku ule wa Peter Pan's Flight ukionekana wa kawaida na kuwala muda wenu. Usihukumu kwa macho. Angalia dakika zilizoandikwa mlangoni, ukijua kwamba ni makadirio, na mara nyingi huwa juu kidogo kuliko hali halisi.

Sasa, foleni hizo karibu zote ni fupi asubuhi. Kwa hiyo mpango wenye faida ni mpango wa asubuhi, basi. Na hapo kuna mtego: ratiba ikisema bustani inafunguliwa saa tatu, waliolala kwenye hoteli za Disney wanaruhusiwa kuingia nusu saa kabla. Wewe uliyelala nje ukifika saa tatu kamili unakuta watu wameshaanza kupanda. Tena kwa Magic Kingdom, maegesho ya magari hayako getini. Unaegesha, unafika kituo cha usafiri, kisha unavuka kwa treni ya monorail au kivuko cha majini. Ongeza kukaguliwa mabegi, ongeza mtoto anayetaka choo. Ukitaka kuwa getini saa tatu kasoro, uwe umeondoka hotelini mapema sana. Na ukiwa mgeni wa nje, usikimbilie Fantasyland ambako wenzako wa hotelini wameshajaa. Adventureland na Frontierland kwa kawaida hufunguliwa saa rasmi, hapo mnaanza sawa.

Baada ya saa tano hivi, ratiba yoyote ile inaanza kukudanganya. Mchezo unasimama kwa hitilafu. Mtoto analala begani. Mwingine anataka kurudia tembo wa Dumbo, na si mara moja. Halafu mnapita Casey Jr., kile kijieneo cha treni ya sarakasi pale Fantasyland ambapo sanamu za wanyama zinawarushia watoto maji. Simama pale mchana wowote wa joto utaona mchezo wa bure kabisa: watoto wamelowa hadi soksi, wanacheka, na pembeni baba ameshika simu anasema, "Twendeni, twendeni, zamu yetu inaisha saa saba na robo." Huyo baba amelipa ili watoto wafurahi, na sasa anawakataza kufurahi kwa sababu furaha haipo kwenye orodha. Beba nguo kavu, kaa chini, waache.

"Basi twende tu, tutajua hukohuko"

La hasha. Kuna mambo yasiyosubiri.

La kwanza ni urefu wa mtoto, maana hapa ndipo machozi mengi yanapoanzia. Michezo ya kasi ina kiwango chake, na mtoto hupimwa mlangoni kwa kijiti. Treni ya Seven Dwarfs Mine Train inataka inchi 38, yaani kama sentimita 97. Space Mountain ni inchi 44, sentimita 112. TRON ni inchi 48, sentimita 122. Hakuna kuombana na hakuna "mtoto wangu ni jasiri". Nimeona mtoto wa kiume amenyanyua visigino, ameingiza hewa kifuani, shingo imerefushwa kama ya korongo, na mfanyakazi kwa upole wote anamwomba ashushe miguu. Alikuwa ameahidiwa Space Mountain tangu Krismasi. Mpime nyumbani, ukutani, kabla hujamwahidi chochote. Dakika mbili hizo zina thamani kuliko ratiba ya kurasa tano.

Watu wengi hudhani pia kwamba mdogo akikataliwa, mzazi mmoja ndiyo basi, hatapanda. Si kweli. Ulizia Rider Switch mlangoni: mzazi mmoja anapanda na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila wa pili kupanga foleni ya kawaida upya. Haina malipo.

La pili ni tarehe. Bei ya tiketi hubadilika kwa siku, na wiki ya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ni ghali na imefurika. Mwishoni mwa Agosti na Septemba watu hupungua, ila joto ni la kuchemsha na ni msimu wa vimbunga. Chagua adha yako. La tatu ni meza: mkitaka kula na wahusika wa katuni, nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, na zile zinazotafutwa huisha upesi. Kama hamjali hilo, msihangaike nalo hata kidogo.

"Chakula cha nje hakiruhusiwi"

Kinaruhusiwa. Sijui dhana hii ilitoka wapi. Pengine kwenye kumbi zetu za sinema. Ingia na chapati zako, maandazi, mayai ya kuchemsha, matunda, maji. Kinachokatazwa ni vyombo vya kioo, pombe, na barafu iliyolegea (tumia vifuko vya barafu vinavyotumika tena). Maji ya baridi kwenye kikombe hutolewa bure ukiomba kwenye migahawa ya huduma ya haraka. Kwa familia ya watu sita hiyo ni tofauti kubwa, na mtoto aliyezoea wali hatakukasirikia kwa kukosa hodogi.

"Mvua ikinyesha, siku imeharibika"

Florida kiangazi ina tabia ya kupiga radi mchana, mvua ya ndoo ikamwagika, kisha jua likarudi kama halikuwahi kuondoka. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa. Ya ndani huendelea. Wengi huona mawingu wakaelekea kwenye magari, nawe ukiwa umekaa ndani Mickey's PhilharMagic au Hall of Presidents, kwenye kiyoyozi, mtoto amelala, unatoka baadaye unakuta umati umepungua. Makoti ya mvua nunua dukani kabla ya safari.

"Mwafrika kwenda Florida kuangalia twiga ni kichekesho"

Nacheka na mimi, lakini sikubali. Animal Kingdom, iliyofunguliwa 22 Aprili 1998, ina mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe. Wabunifu wakiongozwa na Joe Rohde walichukua mengi kutoka Lamu, na inaonekana: kuta za rangi ya chokaa zimechubuliwa makusudi, matangazo yamefifishwa makusudi, na kuna mahali pameandikwa Uhuru 1961. Kuna Kusafiri wanakouza kahawa, kuna Tamu Tamu, na hoteli ya jirani ina majengo yaitwayo Jambo House na Kidani Village. Mzee wa Pwani atauliza kwa nini watu wanalipa dola kuangalia ukuta uliochakaa, na ana hoja. Lamu yenyewe haina kifani, na mji huu wa kubuni umechanganya mambo ya nchi kadhaa kama nchi hizo ni moja. Ila mtoto aliyezaliwa Minnesota, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya kufokewa jikoni, akikuta kimeandikwa ukutani mahali ambapo rafiki zake wa shule wanapiga picha, anaanza kusoma kwa sauti. Hilo nimeliona na ninalithamini.

Kwa upande wa vitendo, Kilimanjaro Safaris ni mchezo rafiki kuliko yote kwa familia iliyochanganyika. Hauna kiwango cha urefu. Bibi, mtoto mchanga na kijana mwenye uchovu wa kila kitu wanakaa gari moja kwa takriban dakika 20, wakipita kwenye ekari 110 zenye twiga, tembo na simba wa kweli. Nendeni asubuhi. Jua likipanda, simba wa Florida naye hutafuta kivuli.

"Mdogo hatakumbuka, ni pesa bure"

Chini ya miaka 3 haulipii tiketi, kwa hiyo kwa huyo pesa bure haipo. Kuhusu kumbukumbu, wasemao hivyo wana haki: watu wazima wengi hawakumbuki cha kabla ya miaka mitatu hivi. Mimi simpeleki mtoto wa mwaka mmoja kwa ajili yake, nampeleka kwa sababu dada yake ana miaka saba na siwezi kumwacha nyumbani. Kila bustani kati ya hizo nne ina kituo cha watoto wachanga chenye sehemu ya kubadilishia nepi, ya kunyonyeshea na ya kupashia chakula.

"Mtoto akipotea watamtangaza kwenye spika"

Usitegemee hilo. Mwone mfanyakazi yeyote mwenye kibao cha jina kifuani, mwambie mara moja; watoto wanaookotwa hupelekwa kwenye kituo hichohicho cha watoto wachanga. Na hapa watoto wetu wana tatizo lao wenyewe. Muulize wa miaka minne mama yako anaitwa nani, atajibu "Mama". Baba je? "Baba Imani." Imani ndiye yeye mwenyewe. Mfanyakazi wa Florida hana pa kuanzia. Wiki moja kabla ya safari mfundishe majina yenu kamili, ayatamke hadi ayazoee, na asubuhi ya siku yenyewe muandikie namba ya simu kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika na maji, kisha mpige picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo.