Kabla ya Kumlaumu Mbwa, Uliza Alikulia Sakafu Gani

Watu waliomchukua mbwa aliyekwisha vuka utoto hunijia na methali moja mdomoni: samaki mkunje angali mbichi. Huitaja kwa huzuni, kama hukumu iliyokwisha tolewa. Mbwa ana miezi saba, au miaka mitatu, ameingia nyumbani wiki iliyopita, amekojolea zulia mara sita, na wenyewe wameanza kuamini kwamba muda wa kumfundisha ulipotelea mikononi mwa mtu mwingine. Mimi kazi yangu ni kufundisha mbwa, na wengi ninaoitiwa ni wa namna hii. Kwa samaki methali ni kweli. Kwa mbwa nimeiona ikivunjika mara nyingi mno. Mbwa mkubwa ana kibofu kilichokomaa, anabana mkojo kwa saa nyingi kuliko mtoto, na akitulia anakusikiliza. Shida yake ni nyingine kabisa: yeye choo tayari anacho. Alikizoea zamani, wewe hukuwapo, na hakifanani na kile unachomtakia.

Niliwahi kuitiwa jike wa miezi saba. Wenyewe walikuwa wakimtoa kila asubuhi, nusu saa nzima kwenye majani. Ananusa, anazunguka, hafanyi kitu. Wakirudi ndani, mlango haujafungwa bado, amekwisha chuchumaa jikoni kwenye vigae. Waliniambia anawafanyia makusudi. Nikawauliza swali moja tu: alikulia wapi? Wakajibu kwamba tangu kuzaliwa mpaka siku walipomchukua aliishi kwenye banda lenye sakafu ya saruji.

Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi hata kukojoa peke yake. Mama humlamba, ndipo mkojo na kinyesi vitoke. Kufika kama wiki ya 3 anaanza kutambaa mwenyewe na kutoka pale wanapolala ili ajisaidie kando. Halafu, kati ya wiki ya 7 na ya 9 hivi, nyayo zake hujifunza jambo ambalo atalibeba miaka mingi: kinachoguswa na miguu wakati haja inatoka ndicho kinachokuwa choo. Aliyekulia kwenye udongo na majani hutafuta udongo na majani. Aliyetandikiwa magazeti hutafuta karatasi, na baadaye chochote chembamba kilichotandazwa chini, iwe mkeka au kitambaa cha mlangoni. Aliyekulia kwenye saruji hutafuta saruji, na kwake vigae vya jikoni ni saruji ileile. Yule jike huko nje alikuwa akijizuia kwa bidii zote, mpaka apelekwe mahali anapopajua kuwa ni pa haja. Alikuwa na nidhamu, ila ya nyumba nyingine.

Ndiyo maana siku ya kwanza sianzi na kufundisha. Naanza na kuchunguza: anakojoa juu ya nini, saa ngapi, kiasi gani, amesimama vipi, nani alikuwepo. Namwomba mwenye mbwa aandike kwenye daftari kwa siku nne au tano. Daftari hilo linasema mengi kuliko maelezo ya mdomo, kwa sababu mtu aliyechoka kupiga deki hukumbuka hasira kuliko saa.

Kabla ya yote hayo, lakini, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Hili silisemi kama desturi tu. Mbwa anayekojoa kidogo kidogo mara nyingi, anayekaza bila kutoa kitu, au mwenye damu kwenye mkojo, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, na hakuna mafunzo yatakayomponya. Anayekunywa maji kupita kiasi anaweza kuwa na kisukari au ugonjwa wa figo. Kipimo ambacho madaktari hukitumia ni mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akizidi hapo, kuna jambo. Jike aliyefungwa kizazi anaweza kuvuja mkojo usingizini kwa sababu misuli inayoufunga imelegea, na akiamka anashangaa kitanda kimelowa sawa na wewe unavyoshangaa. Hiyo ina dawa. Mbwa anayeharisha kwa minyoo hana namna ya kusubiri mlango ufunguliwe. Inaniuma kila nikikuta mbwa aliyepigwa miezi miwili kwa ugonjwa.

Daktari akisema yuko mzima, ndipo kazi inaanza, na mwezi wa kwanza ni kazi ya macho yako kuliko ya mbwa. Kila haja inayotoka ndani ni somo moja la kurudi nyuma. Kwa hiyo usimpe nyumba nzima. Mpe chumba ulichomo wewe. Mimi humfunga kamba ndefu kidogo nikaishika au nikaifunga kiunoni, ili asinipotee nyuma ya kochi. Usipoweza kumwangalia, akae mahali padogo penye kitanda chake, pa kutosha kusimama, kugeuka na kulala kwa raha, kwa kuwa mbwa wengi hawapendi kuchafua wanapolala. Nasema wengi. Aliyefungiwa miezi mingi bila kutolewa alilazimika kulala juu ya uchafu wake, na chuki hiyo ya asili imemtoka. Kwa huyo kizimba hakisaidii, kinamrudisha kule alikotoka. Mwache nje ya kizimba, ukae naye, umtoe kila saa moja mpaka aanze tena kuijua ladha ya kulala pakavu.

Saa za kumtoa zinajulikana: akiamka tu, baada ya kucheza, kabla ya kulala usiku, na baada ya kula. Chakula kikishuka tumboni utumbo mpana nao huamka, na wengi hutaka kwenda haja kubwa ndani ya nusu saa. Ukimlisha kwa saa maalumu, badala ya kuacha bakuli likiwa limejaa mchana kutwa, haja nayo itakuwa na saa zake. Maji usimnyime. Mbwa wa miezi sita mzima anaweza kukaa saa nne au tano mchana bila shida, lakini katika wiki za kwanza usimsubirishe hivyo, kwa sababu wasiwasi wa nyumba mpya humfanya ahitaji kutoka mara nyingi zaidi.

Toka naye wewe mwenyewe. Kumfungulia mlango na kubaki ndani ni kosa ninaloliona kila siku: mbwa anatumia dakika zote akilinda mlango akikusubiri, kisha anaingia na kibofu kilichojaa. Nenda naye mahali palepale, simama, nyamaza, mwache anuse. Akianza kukojoa, taja neno moja kwa sauti ya chini, neno hilohilo kila siku. Akimaliza, palepale, mpe kipande cha nyama na umsifu. Usisubiri mrudi ndani ndipo umpe. Mbwa huunganisha zawadi na kile alichokifanya sekunde iliyopita, na ukimpa mlangoni umemlipa kwa kuingia ndani. Tena usimkatishe matembezi mara tu anapokojoa. Mbwa mwerevu ataligundua hilo siku ya tatu, na ataanza kubana ili starehe isiishe.

Asipofanya kitu kwa dakika kumi, rudi naye ndani akiwa kwenye kamba, karibu yako kabisa, na baada ya robo saa utoke naye tena. Hiyo robo saa ndiyo wengi hupoteza. Mtu anaona ametimiza wajibu wake wa kumtoa, anamwachia kamba, na mbwa anatafuta zulia.

Juu ya adhabu nina msimamo mkali. Ukikuta dimbwi la zamani, safisha, basi. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kwamba wewe ni hatari mkojo ukiwepo, na funzo atakalolichukua ni kukojoa mafichoni, nyuma ya kabati, na kukataa kabisa kujisaidia mbele yako hata nje. Watu hunijibu, "Lakini anajua kosa lake, tazama uso wake." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alichapisha jaribio lililonisaidia kulijibu hili. Mbwa walikatazwa kula kitu, mwenye mbwa akatoka chumbani, kisha akarudi akiwa ameambiwa kama mbwa alikula au la, na wakati mwingine akidanganywa. Ule uso wa hatia ulijitokeza zaidi mwenye mbwa alipokaripia, na haukutegemea kama mbwa alikuwa amekosa kweli. Masikio yaliyolala na macho yanayokwepa ni mbwa anayekuomba usiendelee kukasirika.

Ukimkuta katikati ya tendo, ita kwa sauti nyepesi tu, mchukue haraka mtoke, na akimalizia nje mpe zawadi yake.

Usafi wa sakafu nao ni sehemu ya mafunzo. Pua yako ikisema pamekauka na hapanuki, ya mbwa bado inasoma kila herufi. Tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, ile inayovunja mabaki ya mkojo yenyewe badala ya kufunika harufu, na iache ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Dawa zenye amonia ziepuke: mkojo ukichacha hutoa amonia, na kwa mbwa utakuwa umepaka alama mpya.

Kuna mikojo mitatu ambayo haihusiani na kujua choo. Dume anayeinua mguu kwenye pembe ya kochi na kutoa matone anaweka alama. Kuhasiwa hupunguza tabia hiyo kwa madume wengi, si wote. Mbwa anayejikunja na kutoa mkojo unapomwinamia kumsalimia anaonyesha unyenyekevu au msisimko. Msalimie kwa ubavu, bila kumkodolea macho, sauti ya chini, na kwa vijana wengi hali hiyo huisha wanapokomaa. Na mbwa anayechafua pale tu anapobaki peke yake, huku akilia na kukwaruza mlango, ana hofu ya kuachwa. Huyo wa tatu asifungiwe kizimbani, anaweza kujiumiza. Anahitaji msaada wa namna nyingine, wa taratibu, pengine na dawa kutoka kwa daktari.

Yule jike wa saruji tulimtafutia choo chake tukakitoa nje. Tuliweka kibao cha saruji katikati ya majani, cha ukubwa wa kutosha kwa miguu yake minne, na tukakisugua kwa kitambaa kilichofuta mkojo wake jikoni. Mlango wa jikoni ukafungwa. Siku ya pili alipanda juu ya kibao, akazunguka mara mbili, akakojoa, na mwenye mbwa akampa nyama huku akitokwa na machozi. Baada ya siku nne tukaanza kunyunyiza udongo juu yake, kiganja kimoja, kisha viwili, kisha majani yaliyokatwa. Wiki ya tatu kibao hakikuonekana tena. Siku tulipokiondoa alisimama pale, akanusa udongo uliobaki na unyevu wa zamani, akachuchumaa.