Kasi ya Waifai Pekee Haiokoi Simu ya Sauti

Kufuatia malalamiko yanayoongezeka kuhusu simu za intaneti kukatikakatika maofisini, Kitengo cha TEHAMA kinapenda kufafanua kwamba kulipia kifurushi chenye kasi zaidi hakuondoi tatizo ambalo chanzo chake ni foleni ya hewani.

Simu ya sauti haina mzigo mkubwa. Kwa G.711, mfumo wa kugeuza sauti kuwa data unaotumika sana katika simu za kiofisi, kila upande hutuma kwa kawaida pakiti (vipande vidogo vya data) 50 kwa sekunde, sawa na takribani kilobiti 80. Ugumu uko kwenye zamu: vifaa vyote vya chaneli moja hutumia hewa ileile, na kila pakiti, hata iwe ndogo namna gani, husubiri hewa itulie, hurushwa, kisha husubiri uthibitisho kwamba imepokewa. Ndiyo maana waifai ya zamani ya 802.11b yenye megabiti 11, ambayo kwa hesabu ya karatasini ingebeba simu zaidi ya 60 za aina hiyo, huelemewa na takribani 12 tu. Vifaa vya sasa hubeba nyingi zaidi, lakini zamu bado ipo. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ikizidi sana hapo, wazungumzaji huanza kudakiana maneno.

Kabla ya kuleta malalamiko, hakikisheni kwamba WMM, yaani mpangilio unaoipa sauti kipaumbele mbele ya video na mafaili, umewashwa, na simu imeunganishwa kwenye masafa ya gigahezi 5. Anayelazimika kubaki kwenye 2.4 achague chaneli ya 1, 6 au 11. Kuchagua ya 3 kwa kudhani haina watu ni kujiingiza katikati ya kelele za 1 na za 6.

Tumekwisha kueleza mara nyingi, na tunalazimika kurudia, kwamba ruta binafsi zinazochomekwa ofisini bila kibali huongeza msongamano huohuo unaolalamikiwa. Anayehitaji ruta ajaze fomu ya maombi, aipitishe kwa mkuu wa idara, kisha asubiri kupangiwa chaneli. Ruta itakayokutwa bila kibali itachomolewa na kuhifadhiwa kitengoni, na mwenyewe ataichukua kwa barua ya mkuu wake wa idara, si kwa maelezo ya mdomo.