Kuuza chapati barabarani Bangkok ni kazi, hata kama huna bosi

Imani hii ni ya miaka mingi: mgeni aliyeko Thailand akiwa na visa halali na mtaji wake mwenyewe, anaweza kusukuma mkokoteni wa chapati, maana hajaajiriwa na mtu. Inaeleweka ilikotoka. Kwetu ukisema "nimepata kazi", wengi huelewa umeajiriwa. Machinga husema anajitafutia tu.

Sheria ya Thailand ya 2017 kuhusu kazi za wageni, kama ilivyorekebishwa 2018, haiulizi bosi ni nani. Kazi ni kazi, uwe na mwajiri au usiwe naye. Tena ipo orodha ya kazi zilizotengwa kwa raia, na uchuuzi wa barabarani umo. Anayekamatwa akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya baht 5,000 hadi 50,000, hurudishwa kwao, na hapewi kibali cha kazi kwa miaka 2.

Wengi huteleza pale kibanda kinapokuwa cha mke Mthai. Leseni ina jina lake, sawa, lakini anayegeuza chapati kwenye kikaango ni wewe.

Kuhakiki si kugumu. Soma aina ya visa kwenye pasipoti, kisha uandikie ubalozi wa nchi unayokwenda. Taja "kuuza chakula barabarani", si "biashara ndogo", neno linalobeba kila kitu. Ukisoma tafsiri ya sheria mtandaoni, tazama mwaka kwanza: orodha ya 1979 ilishabadilishwa.