Damu chooni ukiwa kijana: maswali kuhusu saratani ya utumbo mpana

Nina miaka 32. Huu si ugonjwa wa wazee?

Wengi wanaougua wamevuka miaka 50, hilo ni kweli. Lakini katika nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, wagonjwa walio chini ya umri huo wamekuwa wakiongezeka tangu miaka ya 1990. Mwaka 2021 wataalamu wa huko waliteremsha umri wa kuanza kupimwa kutoka 50 hadi 45. Wewe wa miaka 32 bado hujafikiwa na mwongozo huo, kwa hiyo kinga yako ni kutopuuza dalili.

Lakini damu si ni bawasiri tu?

Mara nyingi ndiyo, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Mtu wa Kayole au Kawangware, mitaa ya Nairobi, anapita famasi, anapewa krimu ya bawasiri. Damu ikirudi anapimwa kinyesi, anaambiwa ni ameba. Tumbo likiendelea kusokota, sasa ni taifodi, au alsa. Kila dawa inampa siku chache za afadhali, na miezi inapita bila yeyote kumchunguza huko damu inakotoka.

Kwa vijana, uvimbe wa saratani hii mara nyingi huota kwenye puru (mwisho wa utumbo) au upande wa kushoto wa utumbo mpana, karibu na njia ya haja. Ndiyo maana damu yake yaweza kufanana kabisa na ya bawasiri. Kwa kuitazama tu, hata daktari hawezi kukuhakikishia. Tena mtu aweza kuwa na vyote viwili.

Angalia pia choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, hisia kwamba hujamaliza haja, kukonda bila sababu, na upungufu wa damu. Huo wa mwisho, kwa mwanamume, usiachwe bila maelezo: yeye hana hedhi ya kusingizia.

Nimwambie nini daktari?

Mwambie damu ilianza lini na imerudi mara ngapi. Kama kuna ndugu aliyeugua saratani hii, mtaje. Uchunguzi wa kwanza ni wa kidole chenye glavu. Ni aibu ya dakika moja. Damu ikiwa inaonekana kwa macho, kupima kinyesi pekee hakutoshi. Ulizia kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa kwenye utumbo mpana mzima. Siku moja kabla utakunywa dawa ya kuendesha tumbo, na wengi husema hiyo ndiyo adha kubwa kuliko kamera yenyewe. Kabla ya kupanga tarehe, uliza SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) italipia kiasi gani na wewe utaongeza ngapi.

Nikipatikana nayo, nitapona?

Inategemea zaidi imefika wapi kuliko una miaka mingapi. Kwa takwimu za Marekani, saratani ikiwa bado ndani ya utumbo, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishafika kwenye tezi za jirani, ni kama 7 kati ya 10. Ikisambaa mbali, kwenye ini au mapafu, hawafiki 2 kati ya 10, ingawa baadhi ya wale ambao imesambaa kwenye ini pekee hufanyiwa upasuaji na kupona. Kijana ana moyo na figo zinazostahimili matibabu. Kinachomwangusha ni kwamba mara nyingi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, yaani umeshafika kwenye tezi au umesambaa mbali.

Na smoki za barabarani?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, kupitia idara yake ya utafiti wa saratani, liliweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Smoki na soseji zimo. Moja Ijumaa jioni haitakuua. Za kila siku ni habari nyingine. Pombe, sigara na unene pia huongeza hatari.

Bado sijapata watoto. Matibabu yataniharibia?

Yanaweza. Mionzi ya nyonga huweza kuharibu ovari na kupunguza mbegu za kiume. Uliza kuhusu kuhifadhi mayai au mbegu kabla ya matibabu kuanza, kwa sababu baadaye huenda nafasi hiyo isiwepo.

Ndugu zangu wapimwe?

Ndiyo, wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto. Kanuni ya kawaida ni kuanza kolonoskopi wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri uliogunduliwa nao, tarehe yoyote itakayotangulia. Ukigunduliwa na miaka 36, mdogo wako aanze akiwa na 26.