Vichaka vya nchi za mvua ya baridi: dhana potofu na ukweli

Tangu Kenya ijiwekee lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, wakazi wengi wa Nairobi wamezoea kuamini kwamba ardhi yenye vichaka ni msitu ulioharibika, unaongoja miche. Kuna maeneo matano duniani ambako imani hiyo haina msingi: nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, California, Chile ya kati, Rasi ya Afrika Kusini na kusini mwa Australia, hasa upande wa magharibi. Huko majira ya joto hupita karibu bila mvua, nayo mvua hunyesha wakati wa baridi. Ingawa baadhi ya vichaka vya Mediterania viliachwa na misitu iliyokatwa, vya Rasi ni uoto uliokamilika, wenye takriban spishi 9,000 za mimea katika kilomita za mraba zipatazo 90,000, ilhali Kenya nzima, yenye zaidi ya kilomita za mraba 580,000, ina takriban 7,000. Misonobari na mikesia ya kigeni iliyopandwa huko ilienea milimani na kunywa maji mengi kuliko vichaka, hata tangu mwaka 1995 serikali ya Afrika Kusini inagharimia kazi ya kuiondoa ili mito ipate maji.

Wengine hudhani kwamba vichaka hivyo ni sawa na vichaka vya leleshwa vya Bonde la Ufa. La hasha: mvua zetu kuu hunyesha Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na baridi ya Julai huwa kavu. Hata hivyo, ipo mimea inayotuunganisha, kwa kuwa aina moja ya kichaka kiitwacho erika inayoota kando ya Mediterania huota pia kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Kuhusu moto, watu hukosea pande zote mbili. Si kweli kwamba kila moto huangamiza, kwani vichaka vingi vya Rasi viitwavyo protea hutunza mbegu katika vichwa vigumu vinavyofunguka baada ya mmea mama kuungua, na vichaka vingine huchipua upya kutoka shinani. Wala si kweli kwamba kuchoma mara kwa mara hunufaisha: moto ukirudi kabla miche haijakomaa na kuzaa mbegu, spishi hiyo hutoweka mahali hapo, na huko California nafasi yake huchukuliwa na nyasi za kigeni, ambazo hukauka mapema na kuwaka kwa urahisi zaidi.