Jogoo hayumo katika katiba ya Ufaransa

Kila ifikapo Machi 20, Siku ya Francophonie, yaani ya jumuiya ya wasemao Kifaransa, shule zinazofundisha Kifaransa hubandika mabango, na mabango hayo karibu yote ni ndugu: jogoo, Mnara wa Eiffel, bendera ya bluu, nyeupe na nyekundu. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na maradhi yangu ya pembeni ni kukusanya sarafu za zamani, kwa hiyo mabango haya hunikera mara mbili. Kwanza, hizo ni alama za taifa moja, ilhali siku yenyewe inakumbuka mkataba uliotiwa saini Niamey, Niger, mwaka 1970, na nembo ya jumuiya iliyotokana nao ni duara la rangi tano. Pili, si kila kinachobandikwa pale ni alama rasmi hata huko Ufaransa kwenyewe.

Fungua katiba yao ya 1958, ibara ya 2. Utakuta lugha ya Kifaransa, iliyoongezwa mwaka 1992, kisha bendera ya rangi tatu, wimbo wa Marseillaise, na kaulimbiu ya Uhuru, Usawa, Udugu. Jogoo hayumo. Marianne, yule mwanamke wa kubuni anayewakilisha Jamhuri, mwenye kofia nyekundu iliyojikunja kileleni, naye hayumo, ingawa sura yake iko kwenye stempu, kwenye karatasi za serikali na katika ofisi za mameya nchi nzima. Hakuna sheria inayomlazimisha meya kuweka sanamu yake. Wanaiweka tu, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wamekuwa wakiichonga kwa sura za wanawake maarufu, akiwamo Brigitte Bardot na baadaye Catherine Deneuve.

Jogoo aliingia kwa mzaha wa Kilatini, ambamo neno moja lilimtaja jogoo na mtu wa Galia, jina la kale la Ufaransa, pia. Napoleon alipopendekezewa ndege huyo mwaka 1804 alimkataa, akaona hana nguvu za kubeba himaya, akachukua tai.

Hata hivyo, jogoo yumo kwenye sarafu ninayoipenda kuliko zote, faranga 20 ya dhahabu iliyochorwa na Jules-Clément Chaplain na kupigwa tangu 1899 hadi 1914. Upande mmoja Marianne, upande wa pili jogoo ametunisha kifua. Wengi wakiishika hutazama pande hizo mbili na kuirudisha. Mimi huilaza ubavu nisome ukingoni. Zilizopigwa hadi 1906 zimeandikwa Dieu protège la France, yaani Mungu ailinde Ufaransa. Kuanzia 1907 maneno yamebadilika: Liberté, Égalité, Fraternité. Katikati hapo kuna sheria ya Desemba 1905 iliyotenganisha dini na dola. Jogoo ni yule yule, dhahabu ni ile ile, uzito ni ule ule wa gramu 6.45, ila Mungu kaondolewa ukingoni na Jamhuri ikaingia. Anayedhani alama za taifa ni mapambo tu, nampa sarafu mbili hizo, ya kabla na ya baada, azisome mwenyewe.

Bendera nayo ina kisa, na kwa maoni yangu ndicho kisa kikubwa kuliko vyote. Himaya ya Napoleon wa Tatu ilianguka mwaka 1870 baada ya kipigo cha Wajerumani kule Sedan. Bunge lililochaguliwa mwaka uliofuata lilijaa watu waliotaka mfalme arudi, na mrithi alikuwapo: Henri, Mtemi wa Chambord, mjukuu wa Charles wa Kumi. Kiti kilikuwa kinamsubiri. Sharti lililomkwaza lilikuwa kitambaa. Wabunge, hata wale wafuasi wa ufalme, walijua kuwa jeshi na wananchi hawataiacha bendera ya rangi tatu. Yeye akatangaza Julai 1871 kwamba hataiacha bendera nyeupe ya babu zake. Wakambembeleza, wakatuma wajumbe, wakatafuta maneno ya katikati. Oktoba 1873 akaandika barua kusisitiza yale yale.

Ndipo bunge likampa Jemadari Mac-Mahon urais wa miaka saba, kama anayeshikilia nafasi mpaka Chambord afe na mrithi mwingine apatikane. Chambord hakufa upesi, alifariki 1883. Januari 1875 pendekezo lililoingiza neno Jamhuri katika namna ya kumchagua rais lilipita kwa kura 353 dhidi ya 352. Kura moja! Nikifundisha hapa wanafunzi huniuliza kama Chambord alikuwa mpumbavu. Sidhani. Alielewa maana ya bendera ile kuliko waliokuwa wanamsihi: akiikubali, angekuwa mfalme kwa idhini ya Mapinduzi yale yale ya 1789 yaliyouangusha ufalme.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Marseillaise, iliyotungwa na Rouget de Lisle mjini Strasbourg Aprili 1792 kama wimbo wa vita, ilirudishwa kuwa wimbo wa taifa mwaka 1879. Mwaka 1880 Julai 14 ikawa sikukuu ya taifa. Serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilipokuja ikaifuta kaulimbiu, na sarafu zake za aluminiamu zimeandikwa Kazi, Familia, Nchi. Ninazo chache, ni nyepesi ajabu, ukipuliza kwa nguvu nusura ziruke.

Sasa tutoke Ufaransa. Nina nadharia yangu kwamba alama za watu wanaosema Kifaransa hukuonyesha walitengana na Ufaransa lini. Quebec iliachiwa Waingereza mwaka 1763, miaka 26 kabla ya Mapinduzi, na bendera yake, iliyopandishwa Januari 21, 1948, ina msalaba mweupe na mayungiyungi manne, ua la wafalme wa Ufaransa. Mapinduzi hayakuwakuta, kwa hiyo hayaonekani. Haiti ilitoka Mapinduzi yakiwa moto. Wahaiti husimulia kwamba Mei 1803, huko Arcahaie, Dessalines, jemadari wa waasi, aliichukua bendera ya rangi tatu, akachana na kutupa sehemu nyeupe, na Catherine Flon akaunga bluu na nyekundu zilizobaki. Bluu na nyekundu hizo ndizo bendera ya Haiti hadi leo, ingawa sasa zimelala badala ya kusimama.

Nadharia hiyo, lakini, inagonga mwamba kwa Waakadia wa pwani ya mashariki ya Kanada. Hao walitengwa na Ufaransa tangu 1713, na kuanzia 1755 Waingereza wakawafukuza kwenye mashamba yao. Kwa hesabu yangu wangestahili mayungiyungi. Kumbe mwaka 1884, katika mkutano wao wa Miscouche, walichagua bendera ya rangi tatu, na aliyeipendekeza alikuwa padri, Marcel-François Richard! Padri kuinua bendera ya Mapinduzi yaliyowaua mapadri si jambo dogo. Aliongeza kitu kimoja juu ya bluu, nyota ya manjano ya Bikira Maria. Hapo ndipo ninapowapenda Waakadia: walichukua bendera ya Ufaransa ya siku zao, wakaibatiza.

Ubelgiji wapo Wawaloni, ambao jogoo wao mwekundu, aliyenyanyua mguu, alichorwa na Pierre Paulus mwaka 1913. Kwao jogoo ni alama rasmi. Kwa Wafaransa, kama nilivyosema, hana kifungu.

Barani kwetu kilichosafiri zaidi ni mtindo wa kaulimbiu ya maneno matatu. Togo ina Kazi, Uhuru, Nchi. Benin ina Udugu, Haki, Kazi. Chad, Kongo-Brazzaville na Burundi zina kaulimbiu moja neno kwa neno: Umoja, Kazi, Maendeleo. Burundi haikuwahi kutawaliwa na Ufaransa, bali na Ujerumani kisha Ubelgiji, na bado muundo ule uliifikia. Nyota tatu za bendera yake husomwa kama maneno hayo matatu. Angalia kilichobaki njiani katika kaulimbiu hizo: usawa haupo kabisa, na kazi imejipenyeza katika zote. Nchi changa za miaka ya sitini zilikuwa na barabara na shule za kujenga.

Na jirani zetu kabisa, Mayotte, ambako Kishimaore ni ndugu wa Kiswahili, Marianne amefika na barua. Mwaka 1997 kisiwa kilipoanza tena kuwa na stempu zake, baadhi zilikuwa Marianne wa Paris aliyegongwa MAYOTTE kwa herufi nyeusi. Kisiwa kilipofanywa mkoa kamili wa Ufaransa, Machi 2011, haja ya kumgonga jina haikuwapo tena. Wenye stempu hizo wazitunze.